Giza lile si kivuli cha Zohali

Picha ya Rhea, mwezi mmojawapo wa sayari ya Zohali, ikisambaa nusu nyeupe nusu giza kwenye makundi ya simu hapa Dodoma, hakosekani mtu wa kuandika chini yake kwamba mwezi huo "umepatwa", eti nusu yake imezibwa na kivuli cha Zohali. Haujapatwa. Nusu ile ni usiku, basi. Mstari unaotenganisha mwanga na giza ni mpaka wa mchana na usiku, yaani mahali ambapo jua linachomoza au linazama kwa wakati ule. Kila gimba la mviringo linalomulikwa na jua linao, Dunia ikiwemo.

Hoja imeishia hapo. Kinachoniudhi ni kwamba anayeuita mpaka huo kivuli cha sayari anapita juu ya kitu chenye utamu kuliko vyote kwenye picha ile: namna mashimo ya mwezi huo yanavyojitokeza kandokando ya mpaka.

Rhea ni mwezi wa pili kwa ukubwa kati ya miezi ya Zohali. Kipenyo chake ni kama kilomita 1,527, na uso wake ni barafu ngumu kama mwamba, kreta juu ya kreta, yaani mashimo yaliyochimbwa na mawe ya angani. Barafu nyeupe, na shimo lililochimbika ndani yake jeupe vilevile, kwa hiyo rangi haikusaidii sana kuliona. Kinachosaidia ni mwanga wa mshazari. Mteremko unaolitazama jua unang'aa, uliolipa kisogo unafifia, na ukingo wa kreta unatupa kivuli kirefu. Hakuna hewa ya maana ya kutawanya mwanga, hivyo kivuli hicho huwa cheusi na chenye kingo kali. Unaweza hata kukipimia: jua likiwa nyuzi 10 juu ya upeo, kivuli cha kilomita 10 kwenye ardhi tambarare kimetupwa na ukingo wenye kimo cha takriban kilomita 1.8. Galileo naye, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, alipokadiria urefu wa milima ya mwezi wetu mnamo 1609 na 1610, alianzia kwenye mpaka huohuo.

Mkulima wa huku hahitaji darubini kulielewa hili. Mapema Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, jua la Dodoma hupita utosini. Simama mlimani saa sita na nusu mchana uangalie shamba lililolimwa chini: limelala kama mkeka. Rudi saa kumi na mbili kasoro jioni, utahesabu tuta moja moja.

Sasa linganisha na kupatwa kwenyewe. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi wetu ulipatwa kikamilifu, tukauona mwekundu. Mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, na mwezi mpevu unamulikwa usoni, jua likiwa nyuma yetu. Ndiyo maana kingo ya kivuli cha Dunia ilipita juu ya kreta zile bila kuibua hata moja. Aliyetazama kwa darubini wakati wa nusu mwezi aliona kinyume chake: kreta za kwenye mpaka zimesimama wima. Kwa hiyo ukiona giza linaloambatana na kreta zilizochongoka, huo ni usiku, si kivuli cha sayari.

Siku moja ya Rhea ni kama siku 4.5 zetu, hivyo kwenye ikweta yake mpaka huo husogea takriban kilomita 44 kwa saa. Chombo cha angani cha Cassini, kilichoizunguka Zohali tangu 2004 hadi 2017, kiliupiga picha mwezi huo ukimulikwa kutoka pembe nyingi. Picha za jua la utosini nazo zina kazi yake, sizidharau: ndizo zinazoonyesha vizuri miale myeupe ya kreta changa iitwayo Inktomi. Ila kuhusu kina cha mashimo hazisemi kitu.

Na Rhea hupatwa kweli, lakini kwa misimu. Rhea huizunguka Zohali karibu sambamba na pete zake, kwa hiyo lazima jua liwe linazimulika pete hizo karibu ubavuni kabisa, jambo linalotokea kila baada ya miaka 15 hivi. Ilikuwa 2009, ikawa tena 2025. Picha ya misimu hiyo, ukihakikisha Rhea ilikuwa nyuma ya Zohali kwa upande wa jua, andika "umepatwa" bila wasiwasi. Zilizobaki, "usiku wa Rhea" inatosha.