Intasia: mnyama aliyechorwa kwa mbao

Intasia ni ufundi wa kuunda picha kwa vipande vya mbao za miti mbalimbali, vilivyokatwa kimoja kimoja na kugandishwa pamoja, ili rangi ya asili ya kila mti ifanye kazi ambayo mchoraji angeifanya kwa brashi. Neno hili limetoka Italia, ambako katika miaka ya 1470 kuta za chumba cha kusomea cha Federico da Montefeltro, mtawala wa mji wa Urbino, zilipambwa kwa picha za namna hiyo, na katika mojawapo yumo kindi karibu na kapu la matunda. Picha zile za kale ni bapa. Siku hizi jina hili hutumika pia kwa picha za vipande vinene vilivyopishana kimo na kuviringwa kingo, na wanyama hupendwa sana katika kazi hizo.

Vipande hukatwa kwa msumeno wa mashine wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka katikati ya meza ndogo, huku fundi akiugeuza ubao taratibu kwa mikono miwili. Bledi hiyo hufunguliwa ncha moja, ikapitishwa katika tundu lililotobolewa kwa keekee na kufungwa tena, hivyo tundu la jicho hukatwa bila kupasua ubao kutoka ukingoni. Bledi isiposimama wima kabisa juu ya meza, kingo hukatika kwa mshazari na vipande havishikamani vyema. Hiyo ndiyo sababu ya kukagua pembe ya nyuzi 90 kabla ya mkato wa kwanza.

Hata hivyo, ustadi wa intasia naona umo zaidi katika kuchagua ubao kuliko katika kuukata. Tumchukue bundi. Kifua chake hufaa msonobari mweupe, mabawa mti wa jozi wenye hudhurungi iliyokolea, mboni mpingo, na duara linaloizunguka mboni mfenesi, ambao moyo wake ni wa manjano. Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa nyuzi za mbao ndizo zinazoonekana kama manyoya: zikilazwa kufuata urefu wa bawa, jicho la mtazamaji huona unyoya, lakini zikikatiza bawa, bundi hubaki kipande cha ubao tu. Kwa sababu hiyo, kila sehemu ya kiolezo, yaani mchoro wa karatasi unaofuatwa katika kukata, huwekwa mshale wa kuonyesha nyuzi zielekee wapi, na fundi mwangalifu huzungusha karatasi juu ya ubao kwa muda mrefu, akitafuta mahali ambapo mistari ya mti inapinda kama kifua kinavyopinda.

Kupiga msasa nako kuna mtego wake. Vumbi jeusi la mpingo huingia katika nyuzi za msonobari na kuuchafua, kwa hiyo ni salama zaidi kulainisha kila kipande peke yake kabla ya kutia gundi, tena kwa kuvaa barakoa, kwani vumbi la miti migumu huwasha pua na kifua. Mwanga nao hubadilisha rangi kadiri miaka inavyopita: manjano ya mfenesi huelekea hudhurungi, na vanishi haizuii badiliko hilo kabisa. Anayechagua mbao za jicho la bundi hana budi kufikiria jinsi jicho hilo litakavyokuwa baadaye, likiwa limekaribiana zaidi na rangi ya mabawa.