INTJ, sanguini, kundi O: tunayodanganyana kuhusu aina za watu

Siku hizi ukifungua bio ya mtu Instagram unakuta herufi nne, INFJ, ESTP, sijui nini, halafu ukienda semina ya ndoa anasimama mtu anawaambia akina mama kwamba mume wako ni koleriki ndo maana anafoka foka. Anayeanza kuyasikia haya anadhani ni kitu kimoja kumbe ni mifumo tofauti kabisa, mmoja una zaidi ya miaka 2000, mwingine ulianzishwa na mama na binti yake, mingine ni biashara tu ya watu wa semina. Hapa nimeweka yale ninayoyasikia sana, na ukweli wake ulivyo, kwa ambaye ndo anaanza. Sina ugomvi na hizo herufi, zinaanzisha stori na watu wanacheka, ninachokataa ni mtu kuzishika kama majibu ya maabara.

Eti MBTI aliitengeneza Carl Jung

Hapana. MBTI ndo ile testi inayotoa zile herufi nne. Jung alikuwa daktari wa akili wa Uswisi, mwaka 1921 akatoa kitabu kuhusu aina za watu, na humo hakuna testi wala herufi nne. Marekani kulikuwa na mama mmoja anaitwa Katharine Briggs ambaye tayari alikuwa na utaratibu wake wa kupanga watu, alipokuja kusoma tafsiri ya Kiingereza ya 1923 akaona huyu bwana kanizidi, akauacha wa kwake akaushika wa Jung. Binti yake, Isabel Briggs Myers, alisomea mambo ya siasa chuoni na alishawahi kuandika riwaya ya upelelezi. Ilipofika Vita ya Pili ya Dunia wanawake wengi Marekani wakawa wanaingia viwandani na maofisini kwa mara ya kwanza, Isabel akaona kitakachosaidia ni maswali ya kumwelekeza mtu kazi inayomfaa, akaanza kuyatunga. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia. Hilo peke yake halifanyi kazi yao iwe mbovu, Isabel alikaa na hiyo testi maisha yake yote mpaka alipofariki 1980, ila usije ukaambiwa eti ilitoka kwenye maabara ya chuo kikuu fulani.

Kwa asiyejua, herufi zenyewe ni hivi: E (ekstrovati) au I (introvati) ni kama nguvu zako unazipata kwa watu au ukiwa peke yako, S au N ni kama unashika unachokiona au unatafuta maana iliyo nyuma yake, T au F ni kama unaamua kwa hoja au kwa kuangalia watu wataumiaje, na J au P ni kama unapenda mambo yapangwe mapema au yaachwe wazi. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili, ndo hizo aina 16.

Eti mtu ni introvati au ekstrovati, katikati hakuna

Hili ndo kubwa kuliko yote, ukilielewa hili mengine yote yanajipanga yenyewe.

Chukulia testi ina maswali 20 ya kipengele hicho. Asha anachagua majibu 11 ya uchangamfu na 9 ya utulivu, anapewa E. Neema anapata 9 kwa 11, anapewa I. Juma yeye anapata 20 kwa 0, naye anapewa E. Sasa angalia, Asha na Neema wametofautiana maswali mawili tu lakini kwenye karatasi wanaonekana ni watu wa dunia mbili, wakati Asha na Juma waliopishana maswali tisa mazima wanaambiwa nyie ni aina moja. Hapo ndipo penye tatizo, wala sio kwenye maswali, maswali mengi ni mazuri tu. Tatizo ni ule mstari uliochorwa katikati.

Na pale katikati ndipo watu walipojaa. Ukipima watu wengi maksi zao hazigawanyiki makundi mawili, huku wakimya kule waongeaji, zinajazana katikati na kupungua kadri unavyokwenda pembeni, kama urefu wa watu tu, wafupi sana wachache, warefu sana wachache, wengi ni wa kawaida. Jung mwenyewe alisema kuna kundi la tatu ambalo huwezi kuliita hili wala lile, na ndilo lenye watu wengi zaidi. Wanaomnukuu hiyo sehemu huwa wanairuka sijui kwa nini.

Halafu kuna hili dogo linalokera, kuchanganya introvati na mtu mwenye aibu. Mwenye aibu anatamani kuongea ila anaogopa watu watamwonaje. Introvati anaweza akasimama jukwaani akapiga hotuba safi, akishuka anataka kwenda kukaa peke yake kwa sababu watu wanamchosha, basi.

Eti aina yako huzaliwa nayo na haibadiliki

Rudi kwa Asha. Mwezi ujao kaamka kachoka, kazini kuna maneno, anajibu maswali mawili tofauti na mwanzo, tayari ni I. Yeye ni yule yule, herufi ndo imegeuka. Mwaka 1993 mwanasaikolojia David Pittenger alipitia tafiti zilizokuwepo akaonesha kwamba watu wakirudia testi ndani ya wiki tano hivi, hadi nusu yao wanaweza kutoka na aina nyingine, yaani angalau herufi moja inabadilika. Tuwe wakweli lakini, maksi zenyewe za kila kipengele huwa haziruki sana, kinachoruka ni herufi kwa wale waliokaa karibu na mstari, na tumeshaona waliokaa karibu na mstari ndo wengi.

Kuhusu kuzaliwa nayo, tafiti za mapacha zinaonesha urithi unachangia karibu nusu ya tofauti za haiba kati ya watu, sio yote. Na umri unabadilisha mambo, kwa wastani watu wanavyotoka miaka ya 20 kwenda 40 wanakuwa na nidhamu zaidi ya kazi na hasira zinapungua, kitu ambacho shangazi yeyote angekwambia bila utafiti.

Eti imenielezea mimi kabisa, kwa hiyo ni ya kweli

Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake testi ya haiba. Wiki moja baadae akampa kila mtu karatasi ya majibu yake, akawaambia mpe maksi kuanzia 0 hadi 5, imekuelezea vizuri kiasi gani. Wanafunzi walikuwa 39, wastani ukaja 4.26. Halafu akawafichulia: wote mmepewa karatasi moja, maneno yale yale, na mengi aliyatoa kwenye kitabu cha nyota kilichokuwa kinauzwa kwenye vibanda vya magazeti.

Maneno yenyewe yalikuwa ya namna hii, kwamba unahitaji sana watu wakupende na wakukubali, una tabia ya kujikosoa mwenyewe, una uwezo mkubwa ambao bado hujautumia, saa nyingine ni mchangamfu na saa nyingine unajifungia. Soma tena taratibu uniambie ni nani hapa mtaani haimhusu. Ndo maana mtu akija kuniambia "we soma tu INFP utaona, ni mimi mtupu", huwa namwambia asome na ile ya ENFJ kwa moyo huo huo, akiona nayo ni yeye basi arudi tuongee.

Eti sanguini, koleriki, melankoli na flegmati ni za kibiblia

Hii kwetu ndo imeshika kuliko MBTI, hasa makanisani, na wengi wanaamini ilitoka kwenye maandiko. Ilitoka Ugiriki. Waganga wa zamani wa kule, shule ya Hippocrates, waliamini mwili una maji ya aina nne: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi, na ugonjwa ni pale yanapokosa uwiano. Galen, karne ya pili baada ya Kristo, akaunganisha hayo na tabia, damu ikizidi mtu anakuwa mchangamfu (sanguini), nyongo ya njano ikizidi anakuwa mkali (koleriki), nyongo nyeusi ikizidi anakuwa wa huzuni (melankoli), kohozi likizidi anakuwa mpole mpole (flegmati). Ikapita kwa matabibu wa Kiislamu kina Ibn Sina, ikarudi Ulaya, ikakaa kwenye udaktari karne nyingi. Ilivyofika kwenye semina za ndoa ni kwa kiasi kikubwa kazi ya mchungaji wa Marekani Tim LaHaye na kitabu chake cha 1966, ambaye aliweka hata mitume kwenye makundi, Petro akawa sanguini, Paulo koleriki.

Hayo maji manne udaktari ulishayatupa zamani. Makundi kama maelezo ya juu juu ya tabia yana ukweli wake kidogo, mwanasaikolojia Hans Eysenck alionesha unaweza kuyapata kwa kuchanganya vitu viwili tu, uchangamfu na urahisi wa kuyumba kihisia, lakini hapo tunarudi pale pale, ni viwango na sio mabakuli manne. Na kuwa koleriki sio ruhusa ya kumfokea mkeo, hilo wawezeshaji wa semina wangeanza nalo.

Eti kundi la damu linaonesha tabia

Ilianza Japani, mwalimu Furukawa Takeji mwaka 1927, ikapewa nguvu tena na vitabu vya Nomi Masahiko kuanzia 1971, leo inazunguka mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp huku, O kiongozi, A mwoga, AB sijui genius. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watu zaidi ya elfu 10 wa Japani na Marekani, hakukuwa na uhusiano wa maana. Kundi lako la damu lijue kwa ajili ya kuongezewa damu. Ya nyota nayo, Mashuke na Nge, sina cha kuongeza.

Eti inafaa kuajiria, na kuchagulia mchumba

Kuajiri: wenyewe wanaomiliki MBTI wanasema si sahihi kuitumia kuchuja waombaji kazi. Kwa hiyo ofisi ikikunyima kazi kwa sababu umetoka "I" na wanataka mtu wa mauzo, wamekiuka hata masharti ya chombo chenyewe. Na kudanganya ni rahisi mno, nani atashindwa kujua jibu gani HR anataka kwenye swali la "unapenda kufanya kazi na watu"? Mchumba: zile chati za INFJ aolewe na ENTP hazina tafiti za kuzishikilia, waliooana bila kujua herufi zao ni pamoja na wazazi wako.

Eti ile testi ya bure ya 16Personalities ndo MBTI

Siyo. Ni kampuni nyingine ya Uingereza, imeazima mtindo wa herufi nne ikaongeza ya tano, A au T, lakini kilicho chini kinafuata zaidi mfumo mwingine unaitwa Big Five, ambao naueleza hapo chini.

Eti basi Big Five ndo sayansi, imemaliza kila kitu

Kwa waliosoma kidogo hii ndo dhana yao. Big Five ni kweli ndo mfumo ambao wanasaikolojia wengi wanautumia. Haukuanza na nadharia ya mtu, ulianza na kamusi: mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakatoa maneno karibu elfu 18 ya kuelezea watu, wengine wakaja kuyapunguza kwa hesabu mpaka yakabaki mafungu matano: kupenda mambo mapya, nidhamu ya kazi, uchangamfu, kuelewana na watu, na wasiwasi. Majibu yanakuja kwa namba, hakuna aina. Na mwaka 1989 wanasaikolojia McCrae na Costa walionesha vipengele vinne vya MBTI vinashabihiana na vinne kati ya hivyo vitano, kilichokosekana ni wasiwasi, ndo maana majibu ya MBTI ni matamu matupu, hakuna aina hata moja inayoambiwa we una presha ya mambo madogo.

Sasa kumbuka, kamusi ilikuwa ya Kiingereza. Utafiti uliochapishwa 2020 ulianza upande wa pili, ukachukua maneno ya Kimaasai huku kwetu na ya Kisupyire kule Mali yanayoelezea watu, mafungu yaliyojitokeza hayakuwa zile tano. Na mwaka mmoja kabla, 2019, watafiti kina Rachid Laajaj walichambua majibu ya watu 94,751 wa nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwemo, waliohojiwa ana kwa ana, yale mafungu matano hayakutoka vizuri, wakati watu wa nchi hizo hizo waliojaza wenyewe kwenye intaneti yalitoka safi tu. Sababu moja waliyoitaja ni watu kukubali kila kitu. Mimi ni mtu wa kuongea sana, ndiyo. Mimi ni mkimya, ndiyo. Na mi naona anayehojiwa hana kosa, mgeni kaja na makaratasi yake, umempa kiti akae, utamwambia hapana mara ngapi.