Okidi si kimelea

Mara ya tatu mwezi huu nasikia "kile kimelea cha juu ya mwembe", na kinachoonyeshwa ni okidi, mmea wa maua ukaao juu ya miti. Juzi ilikuwa hapa Kisauni, na panga lilikuwa tayari mkononi.

Kimelea hula kutoka mwilini mwa mwenzake. Okidi ya mtini hukalia gome tu: maji huyapata kwa mvua na umande, chakula hujipikia kwa majani yake.

Lakini simlaumu sana mwenye panga, maana utata umo katika neno lenyewe. Kitenzi kumea, ukikitia kauli ya kutendea, hupata kumelea, yaani kuota juu ya kitu. Kwa asili hiyo okidi ingeingia bila ugomvi. Lakini madaktari na vitabu vya shule hulitumia neno kwa minyoo na vijidudu vya malaria, kwao kimelea ni mnyonyaji, na okidi ikabaki na lawama isiyo yake. Hali mnyonyaji wa mtini ana jina lake la zamani, kirukia, kutokana na kurukia. Huyo huzamisha mizizi ndani ya tawi na kufyonza maji ya mti. Kirukia ni mdoezi aliyefika mpaka jikoni, mkono u chunguni. Okidi ni mgeni aliyeketi barazani na chakula chake mkobani.

Na huyu mgeni amebaki mchache. Okidi chui, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia, ni ya misitu ya pwani yetu, na imo katika orodha ya dunia ya mimea iliyo hatarini. Watu huing'oa wakauze, na miti mikubwa inayoibeba hukatwa. Mizizi yake myembamba, myeupe, husimama wima kama sindano ikidaka majani makavu, nayo yakioza huwa mbolea yake. Mbegu zake ni vumbi tupu lisilo na akiba ya chakula, hazioti bila kukutana na kuvu wa kuzilisha. Shada lililokatwa leo halirudi kwa masika moja.

Basi, ndugu yangu, kabla ya kuinua panga panda upapase pale mmea unapokutana na tawi. Ukikuta mizizi inatambaa juu ya gome, haikuingia ndani, huyo si mnyonyaji, na huenda ni okidi. Mwembe wako hauna ugonjwa.