Kupandikizwa ini: familia nayo inahitaji kuuguzwa

Familia ikishaambiwa kwamba ini la mgonjwa wao limeharibika kiasi cha kuhitaji kupandikizwa jingine, swali la kwanza huwa fedha. La pili huulizwa kwa sauti ya chini: nani atatoa? Sisi maofisa ustawi wa jamii tunaokaa na familia hizi wodini na kliniki tunajua kwamba hilo la pili ndilo linaloacha majeraha ya muda mrefu, kwa sababu linaamuliwa haraka na kuzungumzwa kidogo.

Wagonjwa wengi wa Tanzania na Kenya wanaohitaji matibabu haya husafiri kwenda India, na kwa kawaida huongozana na ndugu atakayewapa sehemu ya ini lake. Hilo linawezekana kwa sababu ini lina uwezo wa kukua tena. Kati ya watu wazima, madaktari mara nyingi huchukua upande wa kulia, ambao ni takriban asilimia 60 ya ini, na sehemu iliyobaki kwa mchangiaji hukua kwa kasi katika wiki na miezi inayofuata. Njia ya kutumia mchangiaji aliye hai ilianza kufanikiwa mwaka 1989, wazazi walipowapa watoto wao sehemu ya ini.

Hata hivyo, hii ni operesheni kubwa kwa mtu ambaye haumwi. Kwa anayetoa upande wa kulia, hatari ya kufariki inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 200 hadi 500. Ni ndogo, lakini ipo, na anayemwambia ndugu yake "linaota tena, usiogope" akaishia hapo hamtendei haki.

Mara nyingi mchangiaji huteuliwa na kikao cha ukoo. Macho yote yanamwelekea kijana ambaye hajaoa, kundi lake la damu linaendana, na mjomba anamuuliza mbele ya watu: "Mwanangu, utamwacha kaka yako hivi hivi?" Hapo hajaombwa, ameamriwa. Sheria ya India ya mwaka 1994 kuhusu upandikizaji inalitambua jambo hili. Mgonjwa akiwa raia wa kigeni, lazima kamati ya idhini ijiridhishe kuhusu udugu wao, na kwamba mchangiaji hakulazimishwa wala kulipwa. Lakini siku anapokaa mbele ya kamati ile, tiketi zimeshakatwa na michango imeshapokelewa kutoka kwa jamaa, kanisani au msikitini. Kusema hapana wakati huo kunahitaji ujasiri ambao wachache wanao.

Ndiyo maana tunasisitiza mchangiaji aonane na mshauri akiwa peke yake, hapa nyumbani, kabla ya safari kupangwa. Akiamua kutotoa, familia iambiwe tu kwamba hakufaa kuchangia. Sababu ibaki siri yake. Wapo pia wanaotaka kutoa kwa moyo wote wakakwamishwa na vipimo, kwa mfano mafuta kwenye ini au maambukizi ya homa ya ini B. Hawa hubeba huzuni kubwa, na wengine hushukiwa kuwa wamekwepa. Tukiwa kwenye homa ya ini B: Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi hawakupata kinga hiyo utotoni. Ndugu wote wapime, na wasioambukizwa wachanjwe.

Kipindi cha kusubiri kina mitihani yake. Ini likishindwa kuchuja sumu, sumu hizo hufika kwenye ubongo. Mgonjwa halali usiku, anasinzia mchana, anasahau, anafoka, pengine anamtukana mkewe aliyemuuguza miezi yote. Tumeona nyumba zikivunjika kwa maneno ya namna hii, na wengine wakikimbilia kusema amerogwa. Huo ni ugonjwa, na una dawa. Laktulosi, ile dawa tamu ya maji, humfanya apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku ili sumu itoke. Wengi huiacha kwa sababu ya aibu ya kwenda chooni mara kwa mara. Msaidieni, tena mfichieni aibu. Akichanganyikiwa ghafla, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Baada ya upasuaji watu hutarajia furaha tupu. Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi hupitia siku za kulia bila sababu, kukosa usingizi na hofu. Dawa za steroidi zinazotolewa mwanzoni huchangia, nao uzito wa kudaiwa uhai huchangia. Tafadhali msimwambie "umshukuru Mungu, acha kulia." Anashukuru, na bado anaumia. Na mchangiaji naye asiwe wa kusahaulika: wakati wageni wanajaa kwa mgonjwa, yeye ana kidonda chake, anachoka haraka, na hatakiwi kubeba vitu vizito kwa wiki kadhaa.

Dawa za kuzuia mwili usilikatae ini ni za maisha. Mojawapo, takrolimasi ya kawaida, hunywewa kila baada ya saa 12, na kiwango chake hupimwa kwenye damu. Kamati za michango mara nyingi hukusanya fedha za upasuaji zikavunjwa mgonjwa akirudi. Naomba zisivunjwe, kwa kuwa gharama za dawa na vipimo zinaanza hapo. Mgonjwa asile balungi, maana hupandisha kiwango cha takrolimasi kwenye damu, na asinywe dawa yoyote ya mitishamba. Akitibiwa kifua kikuu, daktari ajue mapema, kwani rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hushusha sana kiwango hicho. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, hivyo hapewi. Aombe cheti cha kusamehewa chanjo hiyo akisafiri. Anayetaka kufunga Ramadhani au kubeba mimba aonane kwanza na timu yake.

Lipo jambo moja ambalo familia hazipendi kuligusa. Wapokeaji wengi huvuka mwaka wa kwanza, takriban tisa kati ya kumi, lakini wapo wasiofika. Hapo mchangiaji huomboleza ndugu yake, huku akijiuliza kama ini lake halikuwa zima. Mwiteni kliniki, hata kama hakuna kinachomuuma mwilini. Daktari amweleze kwa maneno ya wazi kilichotokea, kisha apangiwe kuonana na mshauri peke yake, kama alivyofanyiwa kabla hajatoa.