Ngozi imeungua, tumbo linakaza: maswali na majibu kwa wanaohudumia wodi ya majeraha ya moto

Kaungua kifua na mikono. Tumbo linahusikaje?

Moto mkubwa huvujisha mishipa ya damu mwili mzima, si pale palipoungua tu. Maji ya dripu hupenya nje ya mishipa, yakavimbisha utumbo na kujaa tumboni. Ngozi ya kiwiliwili ikiwa imeungua kwa kina, ikakauka kama ngozi ya ngoma, tumbo halina pa kutanukia. Shinikizo hupanda, figo hukosa damu, na mapafu husukumwa kutoka chini.

Shinikizo la kiasi gani ni hatari?

Kwa mtu mzima aliye mahututi, kawaida ni milimita 5 hadi 7 za zebaki. Likikaa kwenye 12 au zaidi, limepanda. Likibaki juu ya 20 huku figo, mapafu au moyo vikianza kushindwa, hiyo ni dharura. Kwa mtoto, dharura huanza likipita 10 na kiungo kikashindwa.

Kubonyeza tumbo kwa mkono hakutoshi?

Hakutoshi, vidole hudanganya. Tumia mpira wa mkojo (katheta), maana shinikizo la kibofu hufuata la tumbo. Mlaze chali kabisa, toa mkojo wote, ingiza maji safi ya chumvi yasiyozidi ml 25 (mtoto ml 1 kwa kilo, kuanzia ml 3), ngoja sekunde 30 hadi 60, kisha soma anapomaliza kutoa pumzi. Sifuri iwe kwenye mfupa wa nyonga, usawa wa katikati ya kwapa. Huna monita? Inua mrija wima, pima kwa rula urefu wa maji kutoka kwenye sifuri, gawa sentimita kwa 1.36: sentimita 27 ni karibu 20 za zebaki. Akikohoa au akikaza tumbo kwa maumivu, namba hiyo itupe. Rudia kila saa 4 hadi 6.

Mkojo umepungua. Si tuongeze dripu?

Pima tumbo kwanza! Figo iliyobanwa haitoi mkojo hata ukimjaza maji, na kila lita unayoongeza huvuja ikabana zaidi. Mgonjwa wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40 ya ngozi, kwa kanuni ya Parkland (ml 4 za dripu kwa kila kilo na kila asilimia iliyoungua), hupata ml 4 × 60 × 40, yaani ml 9,600 kwa saa 24; nusu yake ndani ya saa 8 tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitali. Akikaribia ml 250 kwa kilo, kwake lita 15, tumbo liko hatarini. Mkojo wa ml 30 hadi 50 kwa saa unamtosha mtu mzima. Ukizidi hapo punguza dripu, jambo ambalo wengi husahau. (Aliyeungua kwa umeme ana hesabu yake.)

Shinikizo likipanda?

Tuliza maumivu, mpe dawa ya usingizi, pitisha mrija puani hadi tumboni utoe hewa, punguza dripu. Gamba la moto (ngozi iliyoungua ikakauka) lililozunguka kiwiliwili likatwe mapema: mkato ubavuni kila upande, usawa wa mbele ya kwapa, iunganishwe na mwingine chini ya mbavu. Kisu kiishie kwenye mafuta, kisiguse misuli. Mara nyingi namba hushuka hapo hapo. Ultrasaundi ikionyesha maji huru tumboni, yatolewe kwa mrija mwembamba.

Yote yakishindikana, daktari wa upasuaji hufungua tumbo. Jeraha hilo ni mlango wa vijidudu na wengi hawaponi, lakini kungoja figo zizime ni kubaya zaidi. Hata likishafunguliwa endelea kupima, kwa kuwa shinikizo huweza kurudi chini ya bandeji.