Swali tunalowauliza ndugu kabla ya kuondoa mashine ya kupumulia

Nimehudumia wagonjwa mahututi kwa miaka mingi, na sentensi ninayoiogopa kuliko zote hutoka vinywani mwetu sisi madaktari: "Mnaonaje, tuzime mashine?" Niliwahi kuisema mwenyewe, tena tumesimama koridoni, nikimwambia kijana ambaye mama yake alikuwa na wiki 2 bila fahamu baada ya damu kuvuja kwenye ubongo. Akanikazia macho. "Daktari, unaniomba ruhusa ya kumuua mama yangu?"

Nilikuwa nimemtwisha mzigo usio wake. Nilipaswa kumuuliza hivi: mama yako, kwa unavyomjua wewe, angeweza kuketi dakika moja akasikia yote tuliyoyaona kwenye vipimo, angetuambia nini? Swali langu la kwanza lilimfanya hakimu. Hili lingemfanya shahidi, na ushahidi anao, kwa kuwa ameishi naye.

Lakini hata swali zuri lina mahali pake. Ubongo wote ukishakufa, mgonjwa amefariki. Hapo tumeshamulika mboni za macho na hazikusinyaa, tumegusa jicho halikupepesa, tumemtenga na mashine kwa dakika kadhaa huku tukimpa oksijeni na kifua hakikuinuka hata kidogo. Moyo bado unadunda na ngozi ina joto, ndiyo maana kusadiki ni kugumu mno. Kuwauliza ndugu "tuzime?" wakati huo ni kuwadanganya kwamba uamuzi wa kifo umebaki mikononi mwao. Wanachohitaji ni habari ya msiba, iliyosemwa waziwazi, na muda wa kuaga.

Mama wa yule kijana hakuwa hivyo. Shina la ubongo, sehemu inayoendesha pumzi na kikohozi, lilikuwa linafanya kazi, anakohoa tukimvuta makohozi, ila dalili zote zilionyesha hatarudi kumtambua mtu.

Hofu ya yule kijana, kwamba kuondoa mashine ni kuua, imewahi kufika mahakamani. Aprili 1975, huko New Jersey, Marekani, Karen Ann Quinlan, binti wa miaka 21, alipoteza fahamu na hakuzinduka tena. Wazazi wake, Wakatoliki washika dini, waliomba atolewe kwenye mashine ya kupumulia. Madaktari wakakataa. Machi 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliwakubalia wazazi, mashine ikaondolewa, na Karen akaendelea kupumua mwenyewe hadi Juni 1985. Mrija wa kumlishia wazazi hawakuomba utolewe. Kwao chakula kilikuwa jambo jingine kabisa. Nawaheshimu sana kwa hilo. Hawakuwa wanatafuta kifo cha mtoto wao, walikuwa wanamwondolea kitu walichoamini asingekitaka.

Tofauti ipo hapo. Mashine ikitoka, ugonjwa tuliokuwa tunauzuia unaendelea na njia yake, na mara chache, kama kwa Karen, mwili unakwenda njia ambayo hatukuitarajia. Sindano ya kuua haiachi nafasi hiyo. Mofini nayo, dawa kali ya kutuliza maumivu, naitoa kwa kufuata ninachokiona: anahema mbio, amekunja uso, naongeza, ametulia, naacha.

Wenzangu wengi huona ni afadhali kutomwunganisha mgonjwa kuliko kuja kumtenganisha. Mimi nakataa. Daktari anayeogopa kuondoa mashine ataishia kuogopa hata kuiweka, na atakayepoteza ni mgonjwa aliyekuwa na nafasi ya kupona. Bora tumpe siku 5, tukubaliane leo ni dalili zipi tutakazoangalia, kisha tukae tena. Na gharama, tafadhali, isemwe mezani. Inaponong'onwa mlangoni, kila mmoja humshuku mwenzake kwamba anapigia hesabu uhai wa mgonjwa.

Ushahidi wenyewe hauhitaji kuwa hati yenye muhuri, ingawa hati inasaidia. Nancy Cruzan wa Missouri alipata ajali ya gari mwaka 1983 na hakupata fahamu tena. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo linaweza kudai uthibitisho wa wazi wa matakwa yake kabla ya kuruhusu mrija wa kumlishia utolewe, kama wazazi wake walivyoomba. Baadaye wakajitokeza watu waliowahi kufanya kazi naye, wakaeleza aliyoyasema akiwa mzima. Mazungumzo ya kazini ndiyo yaliyomsemea.

Yule kijana nilimrudia kesho yake. Safari hii tuliketi. Nilipomuuliza swali langu la pili alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Bibi alipokuwa anaumwa, mama alituambia: mimi msije mkanifanya hivi." Dada yake akaitikia kwa kichwa huku analia.

Siku 2 baadaye tulimpa mofini kwanza, tukazima kengele zote, tukabandua plasta iliyoshika mrija wa kupumulia, tukautoa. Iliacha alama nyekundu shavuni, na kijana akaifuta taratibu kwa kitambaa chenye maji, kana kwamba ingetoka. Mama alipumua mwenyewe kama dakika 40. Katikati ya muda huo kijana aliniuliza kama anaruhusiwa kumshika mkono. Kidoleni bado kulikuwa na kile kibanio cha kupimia oksijeni. Nikakitoa.