Bendera si risiti ya VAT

Juzi nimetumiwa tena picha ya cheti cha usajili cha yoti ya Kifaransa inayouzwa, na chini yake dalali ameandika: "VAT imelipwa, kaka, cheti hicho hapo." Nimekisoma chote. Kina jina la chombo, bandari ya usajili, vipimo na jina la mwenyewe. Habari ya kodi hiyo ya ongezeko la thamani haimo, kwa sababu ofisi inayosajili vyombo kazi yake si kodi. Jambo hili nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe na gatini, kwa mabaharia wa Mombasa na Tanga na kwa Wazanzibari walioko Ulaya wanaotafuta boti yao ya kwanza. Sasa naliandika, ili nikiulizwa tena nielekeze hapa.

Tuanze karibu na kwetu. Mayotte ni Ufaransa. Tangu 1 Januari 2014 kisiwa hicho ni sehemu ya Umoja wa Ulaya, na kiforodha kimo ndani ya eneo la Umoja. Kwa upande wa VAT kiko nje, pamoja na Réunion, Martinique na Guadeloupe, na Mayotte yenyewe haitozi VAT kabisa. Kwa hiyo boti inaweza kusajiliwa Dzaoudzi, hukohuko Mayotte, ikapeperusha bendera ya Ufaransa, ikatembea Nosy Be, Unguja na Kilifi kwa miaka, wala isiwe imelipiwa hata senti moja ya VAT ya Ulaya. Siku ikifika Marseille ili ikae, forodha wana haki ya kudai asilimia 20. Bendera mlingotini ni ileile iliyopo kwenye boti ya jirani iliyonunuliwa dukani La Rochelle na kulipiwa kila kitu. Visiwa vya Canary navyo viko hivyohivyo: ndani kwa forodha, nje kwa VAT. Gibraltar iko nje kwa yote mawili.

Waingereza ndio mfano unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko wote. Chukua yoti mbili pacha, zote zimelipiwa VAT Uingereza mwaka 2010, zote zina bendera nyekundu ya vyombo vya Uingereza. Usiku wa 31 Desemba 2020, Uingereza ilipotoka katika forodha na VAT ya Umoja wa Ulaya, moja ilikuwa imefungwa Mallorca, Hispania, nyingine Southampton, Uingereza. Ile ya Mallorca ilibaki na hadhi ya bidhaa ya Umoja wa Ulaya. Ile ya Southampton iliipoteza usiku uleule. Kinachozitenganisha leo ni risiti ya marina ya Desemba 2020, karatasi ambayo wengi waliitupa walipokuwa wanasafisha droo. Ukinunua boti ya Mwingereza, hiyo ndiyo karatasi ya kuuliza kwanza, kabla hujauliza umri wa matanga.

Basi uthibitisho ni nini? Hakuna cheti kimoja. Natamani kingekuwepo, na wanunuzi wengi hukasirika nikiwaambia hivyo, lakini hakuna karatasi moja ambayo kila ofisa katika kila nchi ya Umoja ataipokea akafunga faili. Kuna mnyororo: ankara ya kwanza kutoka kwa mtengenezaji au muuzaji inayoonyesha VAT, au hati ya forodha ya uingizaji kama boti ilitoka nje, uthibitisho wa benki kwamba fedha zililipwa, kisha hati za mauziano za kila mwenyewe aliyefuata mpaka kwako, zikiwa na namba ya utambulisho wa boti ileile. Pete moja ikikosekana, unaanza kumbembeleza ofisa.

Hapa ndipo watu wanaponichosha, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu hunionyesha ankara yenye VAT na kusema kazi imekwisha. Namuuliza: aliyeandikiwa ankara hiyo ni nani? Ni kampuni ya kukodisha boti, labda ya Croatia au Ugiriki. Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT inaponunua boti ya biashara, kodi ile huidai na kurejeshewa. Ankara ni ya kweli, mhuri ni wa kweli, kodi ililipwa kweli, kisha ikarudi mfukoni. Boti hiyo haina VAT iliyotulia ndani yake mpaka kampuni iiuze na kutoza VAT upya katika mauzo hayo. Kwa hiyo kwa katamarani iliyotoka kwenye biashara ya kukodisha, ankara unayoihitaji ni ile ya kampuni ilipouza. Ya kiwandani haikusaidii. Kama kampuni iliuza kwa "bei bila VAT" na mnunuzi akafurahia unafuu, unafuu huo ni deni linalosafiri na chombo.

Kwa mkopo wa ukodishaji (leasing), ambapo unakodi boti mpaka ukimaliza malipo iwe yako, ni vilevile: VAT hulipwa kidogokidogo katika kila rejesho, na bila karatasi ya malipo ya mwisho na uhamisho wa umiliki huna kitu. Mipango ya namna hiyo ya Malta, Cyprus na Ugiriki ndiyo Tume ya Ulaya iliifungulia mashauri Machi 2018, kwa sababu kodi ilikuwa ikitozwa kwa sehemu ndogo tu. Boti za mipango ile bado zinauzwa. Mimi huzipokea kwa tahadhari, hata zikiwa na cheti kizuri.

Kwa upande mwingine, mtu binafsi akimuuzia mtu binafsi ndani ya Umoja, hakuna VAT mpya, na mkataba wenu hautakuwa na mstari wa kodi. Hilo ni sawa kabisa. Ila sentensi ya muuzaji "VAT imelipwa" ndani ya mkataba ni neno lake tu.

T2L, hati ya forodha ya Umoja wa Ulaya, nayo imezua imani yake. Watu wanaipenda kwa sababu ina mhuri. T2L huthibitisha kwamba chombo ni bidhaa ya Umoja kiforodha. Haisemi VAT ililipwa. Tena ina uhai wa siku 90 tangu iliposajiliwa, na tangu Machi 2024 husajiliwa katika mfumo wa kielektroniki. T2L ya mwaka 2016 iliyohifadhiwa ndani ya plastiki ni kumbukumbu nzuri ya historia ya boti, iweke kwenye faili, lakini usiitegemee peke yake.

Sasa kuhusu "ikishalipwa imelipwa milele". Hapana. Boti ikitoka nje ya Umoja, ina miaka 3 ya kurudi bila kutozwa upya. Irudi katika hali ileile, na kwa upande wa VAT irudishwe na mtu yuleyule aliyeitoa. Mzungu akiileta yoti yake kupitia Suez mpaka hori ya Kilifi, akapapenda, akakaa miaka 4, muda umekwisha. Akiiuza hapohapo Kilifi baada ya miezi 6, mnunuzi harithi msamaha ule, kwa kuwa si yeye aliyeitoa. Hili la pili ndilo linalowaumiza wanunuzi wa pwani yetu, kwa sababu muuzaji huonyesha ankara halisi ya Ufaransa, ya kweli kabisa, na kodi iliyomo ilishazimika.

Ushuru wa forodha kwa yoti ya baharini ni asilimia 1.7 tu. Kinachouma ni VAT, na hupigwa juu ya thamani ya sasa: yoti ya yuro 150,000 ikiingizwa Ufaransa ni yuro 30,000 za VAT, na ikiingizwa Ugiriki kwenye asilimia 24 ni yuro 36,000, kabla hujaongeza ule ushuru mdogo.

Na "hali ileile" ni nini hasa? Matengenezo ya kurudisha chombo katika uzima wake yanakubalika, ya kukipandisha thamani hayakubaliki. Injini mpya badala ya iliyokufa njiani mimi naihesabu kuwa ni matengenezo. Injini mpya, matanga mapya, mitambo mipya ya urambazaji na sola juu ya paa, vyote katika safari moja? Hapo simwahidi mtu. Ninachofanya ni kumtaka mwenyewe atunze ripoti ya fundi inayosema kila kifaa kilibadilishwa kwa sababu gani.

Boti kuukuu zina mlango wao: kama ilikuwa ikitumika kabla ya 1 Januari 1985 na ilikuwamo ndani ya Umoja tarehe 31 Desemba 1992, huhesabiwa kuwa imelipiwa. Kanuni nzuri, lakini thibitisha boti ilikuwa wapi usiku mmoja zaidi ya miaka 30 iliyopita, wakati marina imebadilisha wenyewe na bima ilikuwa ya karatasi. Vitabu huandika kanuni hii kana kwamba imetulia. Kwa maoni yangu, boti nyingi za umri huo zinatembea kwa sababu hakuna aliyewahi kuziuliza swali. Aliye nayo na atafute karatasi sasa, kabla mwenye kumbukumbu hajafariki.

Kwa ndugu zetu wanaoishi nje ya Umoja na kusajili boti nje ya Umoja, kuna ruhusa ya kuingia kwa muda: miezi 18 bila kulipa VAT wala ushuru. Kinachoangaliwa ni makazi. Mwenye pasi ya Kenya anayeishi Hamburg ni mkazi wa Umoja, na bendera ya nje kwenye yoti yake haimpi ruhusa hiyo. Na ukiwa mkazi wa Mombasa mwenye haki hiyo, usimwachie binamu yako wa Barcelona boti akaitembeze wewe ukiwa umerudi nyumbani. Mkazi wa Umoja anaruhusiwa kuitumia mara mojamoja, kwa idhini yako, na wewe uwe ndani ya eneo la Umoja wakati huo.

Kwa wanaonunua: usitoe arubuni kabla hujaona mnyororo wote. Muuzaji akisema nyaraka asili ziko kwa mhasibu wake, subiri mhasibu azitume. Katika mkataba weka kifungu kinachosema kwamba VAT ikidaiwa kwa sababu ya historia ya kabla ya mauzo, muuzaji ataibeba, na sehemu ya bei ibaki kwa wakala mpaka karatasi zikamilike. Muuzaji mwenye karatasi husaini kifungu hicho siku hiyohiyo. Ankara asili baki nayo nchi kavu, na chomboni weka nakala zilizothibitishwa pamoja na risiti ya kila marina utakayolala, hata ya usiku mmoja.